Hiari si jibu la kumpa aliyelala kitandani

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Kama Mungu ni mwema na anaweza yote, je, hiari aliyompa mwanadamu inatosha kueleza kwa nini kuna uovu duniani?" Jibu langu ni hapana. Ningeishia hapo nikawapunguzia wahariri kazi, ila swali limenikwama kooni. Kumweleza nani? Mwanafunzi wa theolojia anayetafuta alama, au mtu ambaye uovu wenyewe umemkalia kifuani? Naona hayo ni maswali mawili, na mimi nitajibu la pili, ambalo hamkuliuliza.

Hoja ya hiari tunaijua sote, maana hakuna msiba usiokuwa na mtu wa kuileta. Mungu hakutaka vikaragosi, alitaka viumbe wanaoweza kumpenda kwa kupenda kwao. Anayeweza kupenda anaweza pia kuchukia, kwa hiyo uovu ni gharama ya uhuru, na deni ni letu, si lake. Mtakatifu Augustino, askofu wa Afrika Kaskazini wa karne ya 4 na ya 5, ndiye anayetajwa sana hapa. Kinachonivutia kwake ni kwamba alipotaka kuchunguza uovu unavyofanya kazi alianza na wizi wake mwenyewe: alipokuwa kijana wa miaka 16, yeye na wenzake waliiba mapeasi usiku, si kwa njaa, na mengi wakawatupia nguruwe. Alijihoji yeye mwenyewe, na hapo hoja inasimama vizuri. Baadaye ilipombidi aeleze kwa nini kitoto kichanga kisichojua kulia wala kushoto kinateseka, hakukuwa na hiari ya kichanga ya kutaja. Ikabidi arudi kwa Adamu, na dhambi anayosema tumeirithi kwake. Mimi hapo ndipo anaponipoteza.

Sasa niwaambie kwa nini nasema kwa ukali.

Dada yangu ana mtoto mwenye seli mundu. Wakati ninaousema alikuwa na miaka sita, amelazwa kwa maumivu ya mifupa. Kwa asiyejua: chembe nyekundu za damu zinazotakiwa kuwa duara na laini hujipinda zikawa ngumu, zikaziba mishipa midogo, na kila mahali damu isipofika panauma. Mpwa wangu hakuweza kuvumilia hata shuka limguse. Nesi alimtafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa, akahamia wa kushoto, akaupata nyuma ya kiganja, akaubana kwa plasta nyingi kuliko kawaida kwa sababu alijua hataupata mwingine. Akaning'iniza dripu. Akatuonyesha matone yanavyodondoka kwenye kile kichupa kidogo cha katikati, akasema, "Yakichelewa, niiteni."

Jioni, saa za kuona wagonjwa, akaja baba yetu mdogo. Ni mzee wa kanisa, mtu wa watu, msomaji, na akizungumza hakatizwi. Kiti kilikuwa kimoja na dada alikuwa amekikalia. Aliponyanyuka ampishe, mzee akakataa, "Kaa, mwanangu, umechoka," akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaomba sala fupi, na ilikuwa sala nzuri, sitamnyima hilo. Baada ya amina akaanza.

Alisema Mungu asisingiziwe. Mungu ametupa akili na ametupa hiari, na siku hizi vipimo vipo, kijana na binti kabla ya kuoana wanapima damu wakajua kama wote wawili wamebeba jeni ya ugonjwa huo. Akanukuu Kumbukumbu la Torati: "Chagua uzima, ili uwe hai, wewe na uzao wako." Alipofika kwenye "uzao wako" kidole chake kikaelekea kwa mtoto, si kwa ubaya, ni mazoea ya mimbari. Dada alikuwa akimpepea mwanawe kwa karatasi ya majibu ya maabara aliyoikunja mara nne. Hakuacha kupepea. Alisema tu, "Ndiyo, baba."

Ile "ndiyo" mzee aliipokea kama ruhusa. Akaingia bustanini Edeni, akamleta nyoka, akaeleza kwa nini Mungu hakuung'oa ule mti mapema. Mtoto akaanza kunong'ona, "Babu. Babu." Mzee akamwekea mkono kichwani, "Pole, mjukuu wangu," akaendelea: bila hiari tungekuwa mawe, na jiwe halitendi dhambi lakini pia halimsifu Mungu. "Babu," mtoto akasema tena, "umekalia waya wangu." Hakuna aliyemwelewa. Dada alidhani anaota, kwa sababu ya dawa.

Nesi alipopita ndipo aliposimama. Alitazama kichupa, akatazama mrija, akaufuata kwa macho kutoka juu kushuka mpaka ulipopotelea chini ya paja la baba mdogo. "Mzee wangu, samahani, inuka kidogo." Akainuka. Mrija ulikuwa umebanwa bapa, na damu ya mtoto ilikuwa imeanza kupanda ndani yake, kiasi cha kidole kimoja kutoka kwenye kanula, ule mrija mdogo ulioingizwa mshipani. Nesi akaunyoosha, akasukuma maji kwa bomba la sindano, mtoto akapiga yowe moja, matone yakaanza tena. Baba mdogo alibaki amesimama na kofia yake mkononi, na andiko la kusema hakuwa nalo.

Najua mtaniambia: hoja haiwi mbovu kwa sababu msemaji wake amekalia mrija. Sawa. Basi tuiangalie hoja yenyewe mbele ya ugonjwa huuhuu. Mwaka 1949 mkemia Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba tatizo liko kwenye hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni katika damu. Kati ya 1956 na 1957 Vernon Ingram alipata kosa lenyewe: katika mnyororo wa protini hiyo wenye viungo 146, kiungo kimoja kimewekwa mahali pa kingine. Kimoja tu. Na katikati hapo, mwaka 1954, Anthony Allison alichapisha utafiti alioufanya Afrika Mashariki, ulioonyesha kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo anakingwa na malaria kali. Mwenye nakala mbili ndiye anayeugua. Wazazi wakiwa wote wana nakala moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto wa namna hiyo. Huenda kitu kilekile kilichomkinga dada yangu na malaria utotoni ndicho kinachomvunja mwanawe mifupa. Kama kuna aliyeuchagua mpango huo, si binadamu, na kumtupia lawama mwenye karatasi ya maabara mkononi ni kumkimbia anayepaswa kuulizwa.

Waislamu wana kisa kinachoibana hoja hii kuliko chochote nilichosoma kwa wanafalsafa wa Ulaya. Inasimuliwa kwamba al-Ash'ari, mwanatheolojia aliyefariki katika nusu ya kwanza ya karne ya 10, alimuuliza mwalimu wake al-Jubba'i kuhusu ndugu watatu: mmoja amekufa mcha Mungu, mmoja kafiri, mmoja mtoto mdogo. Mcha Mungu ana daraja la juu peponi. Mtoto akiuliza kwa nini hakuachwa aishi naye alichume daraja hilo, ataambiwa Mungu alijua angekua akawa muasi, akamchukua mapema kwa faida yake. Hapo yule kafiri atapaza sauti: na mimi je, mbona hukuniua nikiwa mdogo? Mwalimu, wanasema, hakuwa na jibu, na mwanafunzi akajitenga naye. Kama Mungu anajua mapema kila mtu atakavyoitumia hiari yake, basi kumpa mtu hiari ni sehemu ya uamuzi wa Mungu, na swali linarudi palepale lilipotoka.

Hivyo nilikuwa nimemaliza. Haitoshi, kwa herufi kubwa.

Lakini nilipokuwa nikiandika hayo ya al-Ash'ari nilijiuliza yeye aliishia wapi. Aliishia kusema kila tendo linaumbwa na Mungu na mja analichuma tu, yaani analitwaa likahesabiwa lake. Ni mafundisho mazito na siyadharau, ila nikiyaweka pale wodini yananipa taabu mpya. Kwa hesabu hiyo hata kule kuketi juu ya mrija kulikuwa kumeumbwa. Basi nesi alikuwa akimwambia nani "inuka"? Waislamu wenyewe wana jibu la hili, la zamani kuliko al-Ash'ari. Khalifa Umar alipokuwa akielekea Sham, yaani Siria na nchi za jirani, akasikia tauni imeingia huko, aliamua kugeuza msafara. Abu Ubayda, jemadari wake huko, akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akasema ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Abu Ubayda alibaki, na tauni hiyo ikamuua. Sijui mwingine aliyejibu swali hili huku ameshika hatamu mkononi.

Tena kuna Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Novemba 1, 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko la ardhi liliuangusha mji ule watu wakiwa makanisani, moto ukafuata, bahari ikafuata. Mwandishi Mfaransa Voltaire alitunga shairi la hasira dhidi ya wanaosema kila kitu ni chema. Mwanafalsafa Rousseau akamwandikia barua mwaka 1756: si maumbile yaliyorundika pale nyumba 20,000 za ghorofa sita na saba. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona Rousseau ni baba mdogo mwingine, wa karne ya 18. Watu wako chini ya kifusi, wewe unahesabu ghorofa! Leo kila tetemeko likiua, hilo ndilo swali la kwanza tunalouliza wote: nani alijenga, nani aliidhinisha, na saruji ilikwenda wapi.

Na ndui. Kwa karne nyingi watu wengi waliieleza ndui kuwa ni mapenzi ya Mungu. Mwaka 1796 daktari Mwingereza Edward Jenner akaanza kuchanja kwa ndui ya ng'ombe, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ugonjwa umetoweka duniani. Ikirudi kesho na chanjo ikafungiwa ghalani, hakuna atakayethubutu kusema ni mapenzi ya Mungu. Tutataka majina. Kwa maneno mengine, mpaka kati ya mabaya ya maumbile na mabaya ya watu haukai mahali pamoja. Kila tunapojua jambo, kipande kinahama kutoka upande ule kuja upande wetu. Hata seli mundu imeanza kuhama: Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya kwanza inayohariri jeni za mgonjwa mwenyewe. Dawa za kupunguza mashambulizi ya maumivu zipo miaka mingi kabla ya hapo. Watoto ambao zote hizo haziwafikii hawazikosi kwa sababu ya maumbile.

Hili linaniudhi, kwa sababu lina maana kwamba mzee yule alikuwa na nusu ya ukweli. Alikosea mtu wa kumwambia, na akakosea saa, na akakosea pa kukaa. Lakini kusema kwamba kuna mahali watu walichagua, na wangeweza kuchagua vingine, hakukuwa upuuzi.

Kwa vile nilikuwa nataka hasira yangu iungwe mkono, nilimpigia dada kabla ya kutuma jibu hili. Nikamkumbusha jioni ile. Alicheka sana kuhusu mrija. Kisha akasema: "Baba mdogo hakuniumiza mimi. Yeye angalau anaamini kulikuwa na kitu cha kufanya, na baada ya pale ndiye aliyetuzungusha watoto wote wa ukoo wakapimwe. Walionimaliza ni wale waliokuja na 'ni mapenzi ya Mungu' wakaondoka." Nilimuuliza kama ana uhakika. Akanijibu kwamba mwenye mtoto ni yeye.

Dada yangu ni mmoja, na sitaki kumfanya shahidi wa dunia nzima. Mama wa kitanda cha jirani, wodi ileile, aliitaja kadari kila alipomgeuza mwanawe, na ilikuwa ikimsimamisha wima. Nani atamnyang'anya? Mimi sitathubutu.

Kwa hiyo, kama mnahesabu kura, futeni "hapana" ya juu, mnihesabu upande wa "ndiyo" wenye masharti. Inatosha kwa uovu ule ambao kuna mtu anayeweza kuulizwa, na naona sehemu hiyo ni kubwa kuliko nilivyokubali nilipokaa kuandika. Sharti la kwanza ni kwamba anayeitumia hoja ya hiari aanze na hiari yake. La pili ni gumu zaidi. Mwaka 1979 mwanafalsafa William Rowe aliuliza kuhusu mtoto wa paa aliyeunguzwa na moto wa radi msituni, akafa baada ya siku kadhaa za mateso, bila binadamu yeyote kujua. Mwongezeeni watoto wote waliokufa kwa ndui kabla ya 1796. Hapo hakuna aliyechagua, na sina la kusema. Msomaji mwenye jibu alilete, nitalisoma kwa moyo mweupe, mradi asianzie kwa Adamu.