Vyuo vya weusi na kilimo Marekani

SWALI: Mhariri, hivi vyuo vya kilimo vya watu weusi kule Marekani vimefanya nini hasa mpaka visifiwe hivi?

JIBU: Vimefanya mengi ndugu yangu! Sheria ya 1890 ililazimisha majimbo yenye ubaguzi yawatengee weusi chuo chao kama hawapokelewi kwingine, leo viko 19. Mi nakipenda sana chuo cha Tuskegee cha Alabama, mwanasayansi mweusi wa kilimo George Washington Carver alifika 1896 akakuta udongo umechoka kwa pamba, akawahimiza wakulima wapande karanga na kunde zirudishe naitrojeni, yaani rutuba ya udongo, na wasioweza kufika chuoni, 1906 likaanza gari la kuvutwa na nyumbu kuwafuata hukohuko mashambani na mafunzo na vifaa. Ila majimbo mengi yamevipunja vyuo hivi hela miaka na miaka, inauma kwa kweli.