Calculus ya kwenye meno na ya kwenye hesabu, ni neno moja?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Juzi nimeenda kuangaliwa meno, daktari akaandika "calculus" kwenye kadi yangu, nikashtuka maana hilo neno mi nalijua kwenye daftari la hesabu la mwanangu na limeshamliza zaidi ya mara moja. Ni neno moja au yamefanana tu? Na kwenye mdomo wangu linatafuta nini?
Mama Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mama. Ni lile lile kabisa, na umenifurahisha kuuliza maana hili neno nalipenda mno. Calculus kwa Kilatini ni kijiwe, limezaliwa na calx, yaani jiwe la chokaa, na kalsiamu nayo jina lake limetoka huko huko.

Sasa Warumi wa kale walikuwa wanahesabu kwa vijiwe. Baadaye wakawa na kibao kidogo cha shaba chenye mifereji, vishanga vinateleza humo ndani, mfereji wa chini una vinne na kila kimoja ni moja, wa juu una kimoja tu na hicho ni tano, kwa hiyo ukitaka saba unasogeza kile cha juu na viwili vya chini, basi. Kusogeza vijiwe ndo kukawa kuhesabu kwenyewe. Na sisi jamani tuna kokoto halafu tuna kukokotoa na kikokotoo, hebu yaweke hayo maneno pamoja uyaangalie, mi kila nikiyaona nasisimka.

Hesabu za mwanao zinahusu vitu vinavyobadilika, mfano mwendo wa gari linaloongeza kasi. Wataalamu wawili wa hesabu, Newton na Leibniz, kila mmoja alizigundua kivyake, Leibniz akatangulia kuchapisha mwaka 1684, na jina la calculus tunalotumia limetoka upande wake maana Newton yeye alikuwa anaziita fluxions. Watu wa mantiki nao wana calculus zao, ila huko tusiende leo.

Madaktari wao wamebaki na jiwe lenyewe. Mawe ya kwenye figo ni calculus, ya kwenye mfuko wa nyongo pia. Yako wewe ni ugaga, yaani ule utando laini wa kwenye meno ukikaa bila kusuguliwa, madini ya kwenye mate yanauingia, kalsiamu ikiwemo, unaganda mpaka unakuwa jiwe kweli. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini, pale panapokwaruza ndo penyewe, maana mate yanamwagikia hapo karibu. Mswaki hauutoi tena mama, hata usugue mpaka fizi zitoe damu, kwa hiyo rudi kwa daktari akaukwangue, na mwanao mwambie kinachomliza maana yake ni kijiwe tu.