Walioanzisha ithibati ya hospitali ni madaktari wa upasuaji
Kaka, umesema ithibati ya hospitali, yaani kukaguliwa na kupewa cheti kwamba imefikia viwango, ilianzishwa na serikali au watu wa bima. Hapana, walioanza ni madaktari wa upasuaji wenyewe kule Marekani. Chama chao, American College of Surgeons, kilitoa masharti ya chini kabisa mwaka 1917, ukurasa mmoja tu, mambo kama kila mgonjwa awe na faili lililokamilika na hospitali iwe na maabara na eksirei, halafu wakaenda kukagua hospitali za vitanda 100 kwenda juu, kati ya 692 zilizofaulu ni 89 tu!! Aliyewasukuma sana ni Ernest Codman wa Boston, alitaka kila aliyepasuliwa afuatiliwe mpaka ijulikane kapona au la. Joint Commission, chombo cha huko Marekani kinachotoa ithibati kwa hospitali, ilikuja baadaye, 1951.

Mimi ni nesi wa thieta (chumba cha upasuaji) huku Kigoma, na ile karatasi ya WHO tuliyobandika ukutani, ya kutaja kwa sauti jina la mgonjwa na sehemu inayopasuliwa kabla ya kisu halafu kuhesabu gozi (vitambaa vya kufyonza damu) na sindano mwishoni, nayo kazi yake iliongozwa na daktari wa upasuaji, Atul Gawande. Ilijaribiwa hospitali 8 duniani, moja ya hapa kwetu Ifakara, na kwa jumla vifo vikashuka toka asilimia 1.5 hadi 0.8. Ila cheti cha ithibati peke yake hakihesabu gozi, juzi ilipungua moja tukasimama wote, hakuna kushona, mpaka ikaonekana imejikunja chini ya shuka.