Kina cha ziwa au usawa wa ziwa?

Swali: Nahariri makala ya sayansi kwa wanafunzi wa sekondari, kuhusu Ziwa Turkana na watu walioishi kando yake zamani. Mwandishi ameandika hivi: "Miaka 9,000 iliyopita kina cha ziwa kilikuwa juu kwa mita 90. Hali ya hewa ilipobadilika, kina kilishuka na binadamu wa kale wakahama." Mwenzangu anataka "kina" kiwe "usawa" na "hali ya hewa" iwe "tabianchi". Mimi naona tunabishania maneno tu, maana msomaji ataelewa. Je, kuna tofauti ya kweli?

Jibu: Ipo, na mwenzako ameiona. Ila ningemwomba atazame pia neno moja ambalo nyote wawili mmelipita, nalo ni "wakahama". Nitalifikia.

Nianze na kina. Kina ni urefu wa kwenda chini, kutoka uso wa maji hadi sakafu. Usawa ni mahali uso wenyewe ulipo, ukilinganishwa na alama isiyohama. Mvuvi anayetaka kujua kina hutia kamba yenye chubwi majini mpaka iguse chini. Fundi mwashi anayetaka usawa hachimbi wala hazamishi kitu, huweka pimamaji juu ya tofali na kutazama povu limetulia wapi. Ni vifaa viwili kwa sababu ni maswali mawili.

Lugha yenyewe imekwisha kuamua. Tunasema mji fulani uko mita kadhaa juu ya usawa wa bahari. Hakuna anayesema juu ya kina cha bahari, na mtu akisema hivyo hata mtoto atashtuka. Sasa kwa nini tukifika ziwani tuchanganye?

Tazama jambo hili linavyoweza kupotosha. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi, na kipimo cha Jinja, Uganda, kikasoma mita 13.42, kikiipita kwa sentimita moja tu rekodi ya 1964. Ukiandika "kina cha Ziwa Victoria kilifika mita 13.42", umemwambia msomaji kwamba ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni kidimbwi. Penye kina kikubwa zaidi maji yake hufika kama mita 80. Ile 13.42 ni usawa uliosomwa kwenye kipimo kilichosimikwa, chenye sifuri yake. Kinachopanda na kushuka kwenye kipimo kile ni usawa. Kina huongezeka au kupungua. Basi hata vitenzi vinatofautiana, na ndiyo maana sentensi ya mwandishi wako, "kina kilikuwa juu", inakwaruza sikio hata kabla hujajua sababu.

Kwenye sayansi ya maziwa ya kale tofauti hii inazidi uzito, maana ushahidi wa usawa na ushahidi wa kina haukai mahali pamoja.

Ushahidi wa usawa uko nchi kavu. Ukiwa Turkana, mbali na maji ya leo na juu yake sana, unakuta ngazi za changarawe na makombe, yaani fukwe za zamani zilizoachwa ziwa liliporudi nyuma. Kwenye miinuko ya aina hiyo, kama Lothagam upande wa magharibi, wanaakiolojia wameokota mifupa ya samaki na vichwa vya chusa vilivyochongwa kwa mfupa, vyenye meno ubavuni ili samaki asichomoke. Chusa haliachwi jangwani bila sababu. Watu walivua pale kwa sababu maji yalikuwa pale. Ukipima mwinuko wa ufuo ule na kuulinganisha na uso wa ziwa wa leo unapata usawa wa kale, na kwa Turkana ulizidi wa leo kwa mita 80 hadi 100 katika nyakati za mvua nyingi, hata ziwa likafurika na kumwaga maji upande wa Nile. Leo maji ya Turkana hayana pa kutokea isipokuwa kwa kuvukizwa na jua. (Hesabu hii ina mtego wake, kwani sakafu ya Bonde la Ufa haitulii. Ufuo unaweza kuwa umeinuliwa na ardhi yenyewe, si kuachwa na maji.)

Ushahidi wa kina uko chini ya maji. Watafiti huzamisha bomba kwenye sakafu ya ziwa na kulitoa likiwa limejaa tope lililojipanga matabaka. Kwa tope hilo nalipenda neno mche, kama mche wa sabuni: kitu kirefu, kimoja, unachoweza kukikata popote na kutazama ndani. Ndani ya mche mna diatomu, mwani mdogo mno wenye ganda kama kioo. Aina fulani huishi kwenye maji ya kina kirefu, nyingine kwenye maji ya kina kifupi yenye chumvi. Zikibadilika aina zilizozoeleka, tunajua maji yaliyokuwa juu yake yamebadilika. Hapo "kina" ni neno lililo mahali pake kabisa.

Na tope hilo hilo ndilo linalotenganisha maneno yetu. Mito huleta mchanga kila mwaka, sakafu hujaa, na kina hupungua hata kama usawa haujashuka kwa kidole. Chini ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika tope limerundikana kwa unene wa kilomita kadhaa. Mtu akikuambia "kina kilipungua", bado hajakuambia kama mvua ilikoma au kama tope liliongezeka. Akisema "usawa ulishuka", sasa tunaweza kuanza kuzungumza habari ya mvua.

Mwaka 2005 Ziwa Nyasa lilitobolewa kwa namna hiyo. Miche yake ilionyesha kwamba kati ya miaka 135,000 na 75,000 iliyopita palikuwa na vipindi vya ukame mkali mno, na katika ukali wake usawa wa ziwa ulishuka angalau mita 600. Kina chake leo kinafika takriban mita 700. Weka namba hizo mbili kando kwa kando, kila moja kwa neno lake, msomaji ataona mwenyewe kilichobaki. Ukiziita zote mbili "kina" utamlazimisha akisie.

Kuhusu "maji kupwa", ambalo nimeshaliona likitumiwa kwa maziwa katika makala nyingine: liache baharini pamoja na maneno mengine ya huko kama bamvua na maji mafu. Kupwa na kujaa hufuata mwezi na hurudi kila siku. Ziwa hupungua, hurudi nyuma, hukauka.

Tabianchi sasa, kwa kifupi. Hali ya hewa ni ya leo na ya wiki hii. Tabianchi ni mwenendo wake kwa miaka mingi, na kwa desturi ya wataalamu wastani wake huchukuliwa wa miaka 30. Ufuo wa kale hauwezi kukumbuka mvua ya Jumanne moja. Kilicholijaza Turkana kilikuwa mabadiliko ya polepole ya jinsi dunia inavyoyumba kwenye mhimili wake, yaliyozidisha jua la kiangazi cha kaskazini na kuzivuta mvua za msimu ndani zaidi ya Afrika kwa maelfu ya miaka. Hiyo ni tabianchi, neno moja lisilo na nafasi katikati. Najua vyombo vingi vya habari, hasa Kenya, husema "mabadiliko ya hali ya hewa", na redioni sina ugomvi nao. Katika makala yenu msomaji anahitaji maneno yote mawili, hivyo yasigawane kazi moja.

Nirudi kwa "wakahama". Hiyo -ka- yetu ni kiungo chenye nguvu. Huunga matukio kama shanga kwenye uzi: alifika, akaketi, akala. Anayesikia huchukulia kwamba la pili lilifuata la kwanza, na mara nyingi kwamba lilitokana nalo. Kwenye hadithi hiyo ni raha. Kwenye historia ya tabianchi -ka- moja inaweza kudai kisichothibitishwa. Turkana yenyewe inatoa ushahidi kinyume. Ziwa liliporudi nyuma, takriban miaka 5,000 iliyopita, eneo halikuachwa tupu. Wafugaji walikuja na mifugo, na karibu na ziwa wakajenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe. Katika moja la hayo, Lothagam Kaskazini, inakadiriwa walizikwa watu wasiopungua 580. Kuna waliohama, bila shaka. Lakini "wakahama" peke yake inawafuta wote hao.

Nao ni watu, si viumbe wa namna nyingine. "Binadamu wa kale" hutumiwa kwa mvuvi wa chusa na pia kwa Zinjanthropus, aliyefukuliwa na Mary Leakey kule Oldupai mwaka 1959, ambaye ana umri wa miaka milioni 1.75. Huyu wa pili mwiteni zamadamu, yaani kiumbe wa jamii ya binadamu aliyeishi kabla ya mtu wa leo. Wale wa Turkana walikuwa kama mimi na wewe kwa mwili na kwa akili, na "watu" inawatosha.

Ningeandika hivi: "Takriban miaka 9,000 iliyopita usawa wa Ziwa Turkana ulikuwa juu ya usawa wa leo kwa mita 90 hivi, na watu waliishi kando yake wakivua. Baadaye tabianchi ilizidi kuwa kavu, usawa ukashuka. Katika kipindi hicho hicho wafugaji walifika katika eneo hilo." -ka- ya "ukashuka" nimeiacha kwa makusudi, maana mvua ikipungua ziwa lisilo na mkondo wa kutokea ni lazima lishuke. Kwenye "walifika" nimeiondoa.