Kuchagua hoteli Malindi na Lamu: nyota zinasema nini, na cheti cha mazingira kinasema nini

Upepo wa kaskazi unapoanza kuvuma na shule zinapokaribia kufungwa, jamaa na marafiki walioko Nairobi, Mombasa na hata Dar es Salaam huniomba niwatafutie mahali pa kulala hapa Malindi au kule Lamu, na swali lao la kwanza karibu kila mara huwa ni hili: hoteli ina nyota ngapi? Miaka ya karibuni limeongezeka swali la pili, hasa kutoka kwa vijana, nalo ni kama hoteli inatunza mazingira na ina cheti cha kuthibitisha hivyo. Yote mawili ni maswali mazuri. Lakini katika kuwatafutia watu malazi kwa muda mrefu nimeona kwamba nyota na cheti havijibu jambo moja, na kwamba kabla ya kuamini kimojawapo ni lazima ujue kimetolewa na nani, lini, na baada ya kukagua nini.

Nianze na nyota. Hapa Kenya mwenye mamlaka ya kuzitoa ni Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ambayo msingi wake ni Sheria ya Utalii ya mwaka 2011. Wakaguzi wake hutumia vigezo vilivyokubaliwa na nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na daraja huanzia nyota 1 na kukoma kwenye nyota 5. Kwa hiyo anayekutangazia hoteli ya nyota 6 au 7 anatangaza sifa aliyojipa mwenyewe, kwa sababu daraja hilo halimo katika vigezo. Uzito mkubwa wa ukaguzi uko kwenye mambo yanayoweza kuonekana na kuhesabiwa: jengo, ukubwa wa vyumba na samani zake, bafu, jiko, mapokezi, usalama, na wingi wa huduma anazopata mgeni. Vigezo hivi ni vya ukanda wetu. Nchini Italia, kwa mfano, ambako hutoka wageni wengi wa Malindi, masharti ya nyota huwekwa na mikoa, na ndiyo maana mgeni wa kutoka huko anaweza kukuta nyota 4 za hapa si sawa na nyota 4 alizozizoea, bila ya yeyote kuwa amedanganya.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni nyota unazoziona kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba. Mara nyingi mwenye hoteli ndiye anayezijaza mwenyewe anapoisajili hoteli yake, na mara nyingine mgeni huchanganya nyota hizo na alama ambazo wageni waliotangulia wameipa hoteli, ilhali hayo ni mambo mawili yasiyohusiana. Mimi humwandikia meneja kwa WhatsApp na kumwomba kwa heshima anitumie picha ya cheti cha daraja, kisha nasoma tarehe. Hoteli iliyokaguliwa kweli huituma bila ya kusita, kwa sababu cheti hicho hutundikwa ukutani, nyuma ya meza ya mapokezi.

Hata nyota zikiwa halali, yapo mambo ya hapa kwetu ambayo haziwezi kukueleza. Mto Sabaki humwaga maji yake kaskazini mwa Malindi ukiwa umebeba udongo mwingi kutoka bara, na wakati wa kaskazi udongo huo husukumwa kuelekea ghuba ya mji, hata bahari mbele ya hoteli nzuri kabisa ikawa na rangi ya kahawia. Watamu, iliyoko kusini zaidi, maji yake huwa safi zaidi wakati huohuo. Familia inayokuja kwa ajili ya watoto kuogelea baharini ni afadhali iulize hali ya bahari kwa mwezi inaokuja kuliko kuongeza nyota moja na kulipa zaidi.

Lamu ndiko ninakosisitiza zaidi kwamba nyota zisitumiwe peke yake. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na nyingi za nyumba za wageni zilizo ndani yake ni majumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, dari za boriti na kuta zilizopakwa chokaa. Majumba hayo hayawezi kuwekewa lifti, wala kubomolewa kuta ili vyumba vipanuliwe, na wenye kuyatunza hawapaswi kufanya hivyo. Niliwahi kuwapeleka wageni kwenye nyumba ya namna hiyo saa saba mchana, jua likiwa kali sana katika kichochoro. Tulipopita dakani, yaani kibaraza cha mlangoni, na kuingia kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, joto lilipungua papo hapo. Mzee anayeitunza nyumba alimshika mkono binti mmoja katika wale wageni na kumwekesha kiganja ukutani, akamwambia, "Gusa hapa, mwanangu. Ukuta huu ni mnene, jua haliwahi kupenya kabla ya magharibi." Chumba kilikuwa na feni moja tu, chandarua kisicho na tundu, na shuka zilizonukia asumini. Hapakuwa na nyota hata moja mlangoni. Nyumba ile haikuhitaji kiyoyozi, na kwa maana hiyo ilikuwa inatunza mazingira kuliko hoteli nyingi zilizojengwa kwa saruji na vioo na kisha kupozwa kwa umeme mchana kutwa.

Tukija kwenye vyeti vya mazingira, Kenya ina mfumo wake unaoheshimika. Shirika la Ecotourism Kenya lilianzishwa mwaka 1996, na mwaka 2002 likaanza kuzipima hoteli na kambi kwa ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Kinachopimwa ni matumizi ya maji na nishati, udhibiti wa taka, uhifadhi wa mazingira na uhusiano wa hoteli na jamii inayoizunguka. Vyeti vya kimataifa navyo vipo, kama Green Key kilichoanzia Denmark mwaka 1994. Juu ya hivyo liko Baraza la Utalii Endelevu Duniani, ambalo lenyewe halitoi cheti kwa hoteli bali huweka vigezo na kuyapa ithibati mashirika yanayokagua. Basi ukisoma kwamba hoteli "imethibitishwa" na baraza hilo moja kwa moja, uliza ni shirika gani lililokwenda kukagua.

Nasema hivyo kwa sababu jani la kijani huchorwa kwa urahisi mno. Mwezi Machi 2024 tovuti ya Booking.com iliziondoa alama zake za utalii endelevu baada ya mamlaka ya Uholanzi inayolinda walaji kueleza kwamba zingeweza kuwapotosha wateja, na Umoja wa Ulaya nao umepitisha sheria, inayotumika kuanzia tarehe 27 Septemba 2026, ya kukataza alama za mazingira zisizotokana na mfumo wa ithibati au mamlaka ya umma. Ikiwa wenye sheria wameona haja ya kuingilia, mteja naye ana haki ya kuuliza bila ya kuona haya.

Mimi huuliza kwanza habari za maji, kwa kuwa pwani hii maji matamu ni amana. Mji wa Lamu hunywa maji yanayohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Yakivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia na visima vikaharibika kwa kila mtu, mwenye hoteli na asiye na hoteli. Malindi hutegemea maji ya visima vya Baricho, na mabomba yanapokauka maboza huanza kupishana barabarani. Kwa hiyo bwawa la kuogelea, ambalo katika hesabu ya nyota ni sifa, kwangu ni swali: maji yake yanatoka wapi, na hubadilishwa mara ngapi?

Swali la pili ni maji taka, ambalo wengi huona aibu kuliuliza. Hoteli moja hapa Malindi, niliyoikagua kabla ya kupeleka wageni wa harusi, ilikuwa na cheti cha mazingira kwenye fremu nzuri, lakini muda wake ulikuwa umekwisha. Meneja hakuficha. Alinipeleka nyuma ya jiko, akanionyesha mabirika ambamo maji ya kufulia na ya mabafu huchujwa, kisha bomba jeusi lenye matundu madogo lililolazwa chini ya mibogenvilia, na mtunza bustani akaeleza kwamba hajawahi kumwagilia kwa maji ya bomba tangu mtambo ule uwekwe. Niliwapeleka wageni pale. Cheti kilichopitwa na muda ni upungufu, nami nilimwambia hivyo, lakini nilichokiona nyuma ya jiko kilikuwa na uzito zaidi. Hoteli ambayo haitaki kabisa kukuonyesha yanakokwenda maji yake, nakushauri uiache.

Swali la tatu ni la taa, na linazihusu zaidi hoteli za ufukweni Watamu na maeneo jirani, ambako kasa hupanda kutaga. Vifaranga wa kasa wakiibuka mchangani usiku hufuata upande wenye mwanga, ambao kwa kawaida ni bahari. Taa kali za hoteli zikielekezwa ufukweni, huwapotosha wakaelekea nchi kavu na kufa kabla ya kufika majini. Hoteli inayojali huzima taa hizo au huzifunika na kuzielekeza chini. Jambo hili halihitaji fedha nyingi, na utaliona mwenyewe usiku wa kwanza.

Kadi ya bafuni inayokuomba utumie taulo siku mbili si ushahidi wa kutosha. Wala kukosa mifuko ya plastiki si sifa ya hoteli, kwani mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Chupa za maji ndizo za kuangalia: je, wanajaza mitungi ya kioo, au kila chumba kinapata chupa mbili mpya kila asubuhi? Uliza pia samaki wanamnunua kwa nani, na wafanyakazi wangapi ni wenyeji wenye ajira ya kudumu, kwa kuwa hoteli inayowaacha wote msimu unapokwisha haijaifaa jamii hata ikiwa imejaa paneli za sola.

Ikiwa nyota na utunzaji wa mazingira vinavutana, mimi hutazama anayesafiri ni nani. Mzazi mwenye magoti mabovu, au mgonjwa anayehitaji dawa zikae kwenye jokofu, ninampeleka penye nyota halali, jenereta ya uhakika na chumba cha chini, kwani ngazi za majumba ya Lamu ni nyembamba na mwinuko wake ni mkali. Vijana na wenye afya ninawashauri wachague nyumba ndogo inayotunza maji na kuajiri wenyeji, hata isipokuwa na nyota. Kwa wote wawili, uliza bei ya wakazi, ambayo hoteli nyingi huitoa kwa anayeiomba, na kabla ya kutuma pesa kwa M-Pesa hakikisha kwamba majibu kuhusu maji, jenereta na tarehe ya cheti yameandikwa katika ujumbe uleule wenye bei.