Damu nyingi baada ya kujifungua: kituo kisicho na chumba cha upasuaji kianze wapi?

SWALI: Mimi ni muuguzi mkunga na msimamizi wa kituo cha afya kisicho na chumba cha upasuaji wala damu ya kuongezea wagonjwa. Hospitali ya rufaa iko mwendo wa saa mbili. Tumepata fedha kidogo za kuboresha huduma ya uzazi, na wenzangu wengi wanataka tununue mashine ya utrasaundi. Mimi naona shida yetu kubwa ni akina mama wanaotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, ambao tunachelewa kuwatambua. Tena umeme hukatika mara kwa mara, na sina hakika kama oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi tunayochoma, bado ina nguvu. Tuanze na nini?

JIBU: Ndugu mkunga, nakubaliana nawe. Utrasaundi ina kazi yake, na Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mjamzito apimwe walau mara moja kabla ya wiki ya 24, ili umri wa mimba ujulikane na mapacha waonekane mapema. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika maeneo ya vijijini ya Kenya, Zambia, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Pakistan na Guatemala, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018, haukuonyesha kwamba kupeleka mashine hizo vituoni kulipunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga. Kwa maelezo yako, pengo lenu liko katika saa za mwanzo baada ya mtoto kutoka, na hapo mashine hiyo itawasaidia kidogo sana.

Tuanze na kuchelewa kutambua. Wengi wetu tulizoea kukadiria damu kwa macho, na macho hukosea zaidi kadiri damu inavyokuwa nyingi: nyingine imenyonywa na vitambaa, nyingine imemwagika sakafuni, na mkunga anayemhudumia mama na mtoto kwa wakati mmoja huiona nusu tu. Kusubiri presha ishuke ni hatari vilevile, kwa sababu mwanamke mwenye afya anaweza kupoteza lita nzima presha yake ikiwa bado inaonekana nzuri, ilhali mwenye upungufu wa damu huzidiwa mapema zaidi. Ndiyo maana kifaa cha kwanza ninachowashauri mnunue ni shuka la plastiki lenye mfuko wenye alama za mililita, linalotandikwa chini ya makalio ya mama mara baada ya mtoto kutoka, ili maji ya uzazi yasichanganyike na damu inayopimwa.

Shuka peke yake halitibu. Katika utafiti uliohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Tanzania na Afrika Kusini, wenye wanawake zaidi ya 200,000 na uliochapishwa mwaka 2023, shuka hilo liliunganishwa na matibabu yaliyotolewa yote kwa pamoja badala ya moja baada ya jingine. Wanawake waliotokwa na damu nyingi walitambuliwa kwa asilimia 93, wakati hospitali zilizoendelea na utaratibu wa kawaida zilitambua asilimia 51. Na madhara makubwa, yaani kupoteza zaidi ya lita moja, kupasuliwa tumbo ili kuzuia damu, au kufa kwa kutokwa na damu, yalipungua kwa asilimia 60. Lazima niseme pia kwamba nafuu hiyo ilitokana zaidi na kupungua kwa wanaopoteza zaidi ya lita moja, na kwamba hospitali hizo zilikuwa na uwezo wa kupasua. Ninyi hamna uwezo huo, kwa hiyo kila dakika ya mwanzo ina uzito zaidi kwenu.

Hatua zichukuliwe damu inapofika mililita 500, au ikifika 300 na mapigo ya moyo au presha si ya kawaida. Hapo mfuko wa uzazi usuguliwe hadi ukaze, oksitosini na dripu vianze, asidi ya traneksamiki (dawa ya kupunguza kutokwa na damu) gramu 1 ichomwe polepole kwenye mshipa kwa muda wa dakika 10, kibofu kiachwe kitupu, na kondo la nyuma pamoja na njia ya uzazi vikaguliwe kama kuna kipande kilichobaki au mchaniko. Mazoea ya kutoa dawa moja, kusubiri, kisha kufikiria nyingine ndiyo yanayopaswa kuachwa. Dawa hiyo ya traneksamiki ilithibitishwa mwaka 2017 katika utafiti wa wanawake wapatao 20,000: hupunguza vifo vya kutokwa na damu ikitolewa ndani ya saa tatu tangu kujifungua, na baada ya hapo haina faida. Kwa safari yenu ya saa mbili, maana yake ni kwamba ichomwe kabla gari halijaondoka.

Kuhusu oksitosini, wasiwasi wako una msingi, kwani iliyoharibika haitambuliki kwa kuitazama. Inahitaji nyuzi joto 2 hadi 8, na inaruhusiwa kukaa katika jokofu la chanjo, ambalo kwa kawaida ndilo linalolindwa vizuri zaidi kituoni. Zungumzeni na mwenzenu wa chanjo kabla ya kufikiria jokofu jipya. Zitolewe chupa za zamu hiyo tu, nyingine zisiachwe kwenye trei kutwa nzima. Kama wizara yenu imeidhinisha kabetosini inayostahimili joto, ombeni: sindano moja ya mikrogramu 100 hukinga kama oksitosini, na huvumilia joto la hadi nyuzi 30. Lakini ni ya kukinga tu. Mama aliyekwisha kuanza kutokwa na damu nyingi bado anahitaji oksitosini, au, ikikosekana, misoprostoli mikrogramu 800 chini ya ulimi.

Fedha zitakazobaki ziende kwenye sanduku la dharura linalokaguliwa kila zamu na kwenye mazoezi ya pamoja ndani ya chumba chenu cha kujifungulia, si semina ya hotelini. Kubalianeni pia na hospitali ya rufaa kwamba mtapiga simu mara tu matibabu ya kwanza yanapoanza, bila kungoja yashindwe, na kwamba mkunga atamsindikiza mama akiendelea kuubana mfuko wa uzazi kwa mikono ikibidi.

Mwisho, ongezeni kwenye rejista safu ya mililita zilizopimwa na nyingine ya saa ambayo matibabu yalianza. Katika utafiti wa hospitali zile 80, hata zilizofuata mpango kamili zilikuwa na wanawake 8 hadi 9 kati ya 100 waliopoteza mililita 500 au zaidi. Ikiwa baada ya miezi kadhaa rejista yenu itaonyesha mmoja tu kati ya 100, nendeni mkahesabu mashuka yaliyotumika kabla ya kufurahia takwimu hiyo, kwani huenda damu haipimwi kila mara.