Re: Simu na laptopu zitahimili Kilimanjaro?

Mkuu, umeuliza kinachoua vifaa kule juu ni urefu au baridi. Kwa simu ni baridi. Mimi niliondoka kambi ya Kibo usiku wa manane simu ina asilimia 70, nimeitia mfuko wa nje wa koti. Kufika Gilman's Point, kule ukingoni mwa kreta, nataka kupiga picha, imezima. Nikaibana kwapani, baada ya muda ikawaka na chaji bado ipo! Betri ya lithiamu ikipoa sana inazubaa, haitoi umeme wa kutosha. Kwa hiyo simu na pawabenki vikae karibu na mwili, na usiku ulale navyo. Ila usichaji simu iliyoganda, chini ya nyuzi 0 unaiharibu betri moja kwa moja. Ipashe joto kwanza.

Laptopu ndiyo inayoguswa na urefu, hasa hiyo yako ya zamani yenye diski ya kuzunguka. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani ya diski kwa utando mwembamba wa hewa. Hewa ikipungua kinashuka, kinaweza kukwaruza data zako zote. Diski nyingi za aina hiyo kikomo chake cha kufanyia kazi ni kama mita 3,000, na kambi ya Horombo tu ni mita 3,720. Kuibeba ikiwa imezimwa haina neno. Ingekuwa SSD, yaani diski isiyo na kitu kinachozunguka, hatari hiyo ya kukwaruza isingekuwepo.

Lakini laptopu mlimani ya nini, kaka? Mzigo wa mpagazi unapimwa getini.